Bangili ya Bibi Imehamia Kwenye Msumari

Leo asubuhi nimefungua sanduku la mama bila ruhusa, nikatoa bangili ya marehemu bibi, nikaenda kuichovya kwenye maji ya maabara ili iote fuwele.

Nimesema. Msinikatize. Wale mlioanza kucheka hapo hapo nawajua kwa majina, na picha zenu za kidato cha kwanza bado ninazo.

Nina hasira. Naandika haya nimekaa nyuma ya jiko, taji la karatasi za kung'aa bado liko shingoni (hakuna aliyekumbuka kunivua, na mimi sithubutu kujivua). Nina hasira na mgeni rasmi. Nina hasira na mkuu wa shule pamoja na ufunguo wake. Nina hasira na Butoyi, na spika, na yeyote yule aliyegundua umeme akashindwa kukaa nao kimya. Halafu nina hasira na mimi mwenyewe, ila hiyo nimeiweka mwisho kwa sababu ndiyo kubwa kuliko zote.

Kwa mlio mbali: leo yalikuwa mahafali yetu ya kidato cha nne, hapa Rulenge. Na kesho dada yangu Devota anaolewa, anakwenda Kibimba. Shikeni hayo mawili, msiyaachie.

Sasa bangili yenyewe. Si dhahabu. Ni shaba tu, nyembamba, imelainika kwa kuvaliwa miaka na miaka. Ukiiona njiani unaweza kuiruka. Lakini kwa upande wa mama yangu binti hatoki nyumbani bila bangili hiyo mkononi. Mama yake bibi aliivaa, bibi akaivaa, mama akaivaa. Kila mmoja alipoolewa aliwekewa mkato mdogo pembeni, kwa hiyo ina mikato mitatu, na wa Devota ulikuwa uwekwe kesho asubuhi. Bibi harusi akifika kwa wakwe, mama mkwe anaushika mkono wake, anaigusa bangili, na mtu mmoja wa upande wetu anasimama kueleza: hii ilitoka kwa fulani, ikaenda kwa fulani, leo imefika hapa kwenu. Akimaliza ndipo mlango unafunguliwa. Asipoeleza vizuri mnabaki uani na mabegi yenu. (Siku ya mama, wanasema, mjomba alieleza mpaka mvua ikanyesha, na bado wakamwambia arudie mwanzo.)

Hicho ndicho kitu nilichokichovya.

Msiniulize kwa nini, nawaambia.

Kwenye mahafali yetu, kila somo lina maonyesho. Wanafunzi mnasimama nyuma ya meza, mgeni rasmi anapita na wazazi, nanyi mnamweleza kwa Kiingereza mambo ambayo yeye hayaelewi, na nyie hamyaelewi, na wote mnapigiana makofi. Mwalimu Masunga, mwalimu wetu wa kemia, mtu wa Shinyanga, mrefu kama nguzo ya simu, alitupa mimi na rafiki yangu Butoyi meza ya kuotesha fuwele za shaba kwa umeme. Chombo cha kioo. Maji ya bluu, yale ya kopa salfeti. Upande huu kipande cha waya wa shaba, upande ule msumari, na betri mbili za tochi. Unaunganisha, unakwenda kulala, kesho unakuta msumari umeota vipande vidogo vya shaba, vyekundu, vinameta. Ni kizuri, jamani. Hata mimi ambaye sina adabu, niliinama kukitazama mara ya pili.

Basi nikawaza. Kama msumari wa kupigilia bati unapendeza hivi, bangili ya bibi ingekuwaje? Devota ashuke kwenye gari kule Kibimba, mkono unawaka fuwele! Mama mkwe aishiwe maneno! Na mimi, mgunduzi, nimekaa pembeni nakunja nne.

Hapo hapo ikatokea bahati. Jana ule waya wa shaba ulikutwa umekwisha, kimebaki kijiti. Mimi nikasema Butoyi kauiba. Butoyi akaapa kwa mama yake. Nikamwambia mama yake pia simwamini. Kumbe Butoyi hakuiba kitu. Kumbe waya ulikuwa umeliwa. Ndivyo kazi ile inavyokwenda: shaba ya upande mmoja inayeyuka, inasafiri ndani ya maji, inakwenda kuota upande wa pili. Mwalimu Masunga alilifundisha hilo darasani, wazi kabisa. Siku hiyo mimi nilikuwa nje ya mlango, nimepiga magoti, kwa kosa la kuigiza anavyotembea. (Niliigiza vizuri. Waliokuwepo watasema.)

Mimi nilidhani chombo kile ni kama shamba letu. Huku umepanda migomba, katikati maharage, na vyote vinaota. Sikujua kwamba upande mmoja ni shamba na upande mwingine ndio mbolea.

Asubuhi nikatoka chumbani kwa mama, bangili iko kwenye soksi. Nikamkuta mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unafanya nini chumbani kwangu?"

"Natafuta kiwi ya viatu."

"Kiwi ilianza lini kukaa chumbani kwangu?"

"Ndiyo maana sijaiona."

Akanitazama. Siku nyingine angeniuliza zaidi, lakini leo alikuwa na furaha, amevaa kitenge kipya, taji langu amelikunja vizuri kwenye mfuko wa rambo. Akasema, "Mimi leo nakaa mbele. Nimewaambia majirani wote. Nataka nikusikie hicho Kiingereza ambacho nimekilipia kwa maharage miaka minne."

Nikasema utakisikia, mama.

Nikafika maabara mapema. Nikatoa kile kijiti cha waya, nikabana bangili mahali pake kwa kibanio, sehemu yenye mikato ikabaki juu, nyingine yote ikazama. Msumari nikauacha pale pale ulipokuwa. Mwalimu Masunga akaingia, akainama.

"Evarist, shaba umeipata wapi?"

Sasa hapa ningeweza kusema ukweli. Mdomo ulikuwa wangu.

"Jalalani, mwalimu."

"Safi sana! Chakavu ndiyo tunayoitaka." Akanipiga begani, akaondoka. Mnaona? Mtu mzima, msomi, anakuona unataka kuangamia, anakupiga begani.

Lakini na mimi sikutosheka. Betri za tochi zinakwenda polepole, na harusi ni kesho. Pembeni ya maabara kuna betri kubwa ya sola, ile inayowasha taa za ofisi ya walimu. Nikavuta nyaya zangu mbili nikazipeleka kule. Maji yakaanza kuchangamka. Nikafurahi. Nikajisemea: dakika chache tu, fuwele zikitosha natoa, nafuta, narudisha kwenye sanduku, hakuna anayejua.

Mkuu wa shule akapiga makofi mlangoni.

"Wote nje! Maabara inafungwa mpaka mgeni rasmi afike!"

"Mwalimu mkuu, kidogo tu nili—"

"Nje! Mwaka jana mbuzi aliingia akala ramani yote ya maonyesho ya jiografia. Mwaka huu hapana."

Akafunga. Ufunguo mfukoni. Nikatoka bila wasiwasi, kwa sababu ratiba ilisema mgeni anafika asubuhi ile ile.

Ratiba! Nani aliandika ile ratiba? Aje hapa.

Mgeni rasmi ni mfanyabiashara wa mahindi, anatoka upande wa Biharamulo. Tukakaa chini ya turubai. Mshereheshaji akashika kipaza sauti: "Mgeni wetu rasmi yuko njiani, ameshafika Kasulo!" Makofi. Tukaimba. Kidato cha pili wakaleta ngonjera. "Mgeni wetu bado yuko Kasulo!" Tukaimba tena wimbo ule ule. "Mgeni wetu ametoka Kasulo!" Vigelegele. Kwaya ikasimama, ikakaa. "Ndugu wazazi, mgeni wetu amerudi Kasulo, alisahau simu!"

Kasulo kuna nini, jamani? Kuna mtu anayejua Kasulo kuna nini aniambie, kwa sababu mpaka sasa hivi hasira yangu inageukia huko.

Jua likapanda. Jua likaanza kushuka. Mwalimu Masunga akapita nyuma yetu, anatoka kuchungulia dirisha la maabara, meno yote nje.

"Evarist! Msumari wako umeota kichaka! Sijawahi kuona!"

"Asante, mwalimu," nikasema. Halafu nikasikia alichosema. "Msumari?"

"Msumari! Umekuwa kama mti!"

"Na ule upande mwingine?"

"Upande upi?"

"Ile... chakavu."

"Aa, ile inamalizika tu," akasema, akaenda zake kwa furaha.

Wakati huo kwaya yetu imeitwa mbele, tunaimba wimbo wa kuaga, ule wenye mikono. Butoyi yuko kulia kwangu. Nikamuuliza huku tunapunga.

"Butoyi. Ile shaba ya kwenye msumari inatoka wapi?"

"Kwaheri walimu wetuuu," akaimba, halafu kwa pembe ya mdomo, "inatoka kwenye shaba ya upande wa pili. Waya unaliwa, msumari unanenepa."

"Unaliwa?"

"Kwaheri shule yetuuu. Unaliwa! Si ndiyo maana jana ulikwisha, ukaniita mwizi?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia! Ulisema hata mama yangu humwamini!"

Hapo maneno ya wimbo yakanipotea. Mikono ikaendelea kupunga, kwa sababu mikono haina akili. Mbele yangu, safu ya kwanza, mama anapiga makofi kwa mapigo ya wimbo, na nyuma ya mama kuna jengo la maabara, na ndani yake bangili ya mama yake inaliwa na betri ya ofisi.

Wimbo ulipokwisha nikaenda meza kuu. Nikainama kwenye sikio la mkuu wa shule.

"Mwalimu mkuu, naomba ufunguo wa maabara."

"Soda mtapewa baada ya chakula."

"Si soda, mwalimu. Maabara."

"Nimesema baada ya chakula! Kaeni na nidhamu, wazazi wanatazama."

Nikamwendea mwalimu wa zamu nikaomba kwenda chooni. Nikazunguka nyuma ya maabara, nikajishika kwenye nondo za dirisha, nikajivuta juu mpaka pua ikagusa kioo. Nikaona. Msumari umekuwa kichaka kweli, manyoya mekundu huku na huku, mzuri, mzuri wa kutukana. Na upande wa pili, bangili imekuwa nyembamba kama waya wa spika. Nikapiga kioo. (Kumpigia nani? Umeme?) Nikatikisa nondo. Nikaomba watakatifu wote ninaowakumbuka, hata wale wa wanyama.

Nikasikia mtu ananiita. Nikageuza shingo. Mama! Ametoka turubaini na majirani wawili, wako mbali kidogo, ananipungia mkono, na upepo ukaniletea sauti yake:

"Mnamwona? Hata wenzake wakiwa wanasubiri kula, yeye anaing'ang'ania sayansi!"

Nikampungia kwa mkono mmoja, mwingine umeshika nondo. Mngefanya nini nyie?

Mwishowe honi ikapigwa getini. Mgeni rasmi kafika. Na nyie mnadhani alikuja maabara? Hapana. Alikula kwanza. Alikula wali, akala ndizi, akala nyama, akaomba tena ndizi. Nilimtazama kila tonge. Kila tonge lilikuwa kipande cha bangili. Sijawahi kumchukia mtu nisiyemjua kama nilivyomchukia yule mzee wakati anachokoa meno.

Ndipo ufunguo ukageuka.

Wakaingia wote kwa pamoja: mgeni, mkuu, Mwalimu Masunga, wazazi wamejazana mpaka mlangoni, mama mbele kabisa na taji mkononi. Akanivisha palepale. Mshereheshaji naye ndani, na kipaza sauti chake kisicho na waya, ili walio nje wasikie kwenye spika. Nikatazama chombo.

Bangili haikuwepo.

Kwenye kibanio kilibaki kipande tu, kile kilichokuwa juu ya maji, kifupi kama ukucha. Mikato mitatu inaonekana vizuri. Chini yake, hewa.

"Karibu utueleze, kijana," akasema mgeni rasmi.

Nikaanza Kiingereza. Nilikuwa nimekikariri, na kilichokaririwa hakina breki. Nikamweleza kwamba, kama anavyoona, chombo hiki kinaonyesha jinsi chuma kinavyokua. Nikaeleza kwamba hakuna kinachopotea. Nikasema sentensi hiyo, jamani, kwa sauti, nanyoosha kidole. Mama akawageukia majirani, uso unang'aa. Haelewi neno, lakini anatikisa kichwa kila ninapovuta pumzi.

"Aisee!" mgeni akasema kwa Kiswahili. "Huu mti mzuri sana. Shaba mmenunua wapi?"

Nikafungua mdomo. Mwalimu Masunga akaniwahi. Kwa upendo kabisa. Akashika kipaza sauti kabisa.

"Hatukununua, mheshimiwa! Ni ubunifu wa kijana wetu Evarist. Ni takataka tu, kibangili kibovu alichookota jalalani!"

Akachomoa kile kipande kwenye kibanio, akakiinua juu kila mtu akione. Spika zikasema jalalani, jalalani, mpaka mahindi ya shule yakasikia.

Mama alikuwa bado anatabasamu. Nililiona tabasamu likisimama. Halikuondoka, lilisimama tu, kama saa. Macho yakaenda kwenye kipande. Yakahesabu mikato. Yakaja kwangu.

Na mkuu wa shule, ambaye hajawahi kuchelewa pale ambapo kuchelewa kungesaidia, akapaza sauti: "Kwa kuwa mheshimiwa ameupenda, basi shule inamzawadia mti huu wa shaba! Akaupeleke Biharamulo iwe kumbukumbu!"

Makofi. Mwalimu akaunyanyua msumari kwenye maji, akausuuza, akamkabidhi. Mgeni akaushika kama maua. Vipande vidogo vikamdondokea kwenye kiatu.

Mama akapiga hatua. Akasimama mbele ya mgeni rasmi.

Mshereheshaji akadhani mzazi anataka kutoa pongezi. Akamsogezea kipaza sauti mdomoni, na tabasamu juu.

"Shikamoo, mheshimiwa," mama akasema, na shule nzima ikasikia.

"Marahaba, mama! Hongera kwa kijana."

"Asante. Naomba hicho kitu."

"Kipi?"

"Hicho ulichoshika. Hakiendi Biharamulo. Hiyo ni bangili ya mama yangu mzazi, na binti yangu anaivaa kesho."

Mgeni akautazama msumari. Akautazama mkono wa mama. Akautazama msumari tena. "Mama, huu ni msumari."

"Naona ni msumari. Jana ilikuwa bangili. Muulize aliyesoma."

Watu wote wakanitazama. Kipaza sauti kikaja kwangu. Butoyi, rafiki yangu wa tangu darasa la tatu, akaanza kutetemeka mabega, ameuma tai yake ili asipasuke. Mwalimu Masunga kafungua mdomo, haufungiki.

"Evarist," mwalimu akasema, "si ulisema jalalani?"

"Nilisema, mwalimu."

"Imetoka wapi?"

"Sandukuni, mwalimu."

Nje, chini ya turubai, watu ambao hata hawatuoni wakasikia "sandukuni" kwenye spika. Halafu kicheko kikaanzia kwa wapishi, kikaenda kwa kidato cha kwanza, kikazunguka uwanja mzima kama pikipiki. Kuna bibi mmoja nilimsikia vizuri anauliza, "Mawe, mama wee! Kaichemsha?" Na mtu akamjibu, "Kaiyeyusha, bibi! Bangili ya harusi!"

Mgeni rasmi akamrudishia mama msumari kwa mikono miwili. Hilo nalisema, maana ni jambo pekee zuri alilolifanya leo. Halafu akaharibu, akamuuliza mkuu kama kuna zawadi nyingine.

Mama akafungua leso, akaulaza msumari, akaokota na vile vipande vilivyodondoka, akiinama mpaka kwenye kiatu cha mgeni. Akachukua na kile kipande chenye mikato mkononi mwa mwalimu. Akafunga leso. Akatoka. Nikamfuata, taji linanichoma shingoni. Cheti nimekiacha. Soda nimeiacha. Hata chakula sijala, na mnavyonijua mnaelewa hiyo ni hali gani.

Njiani mama alitangulia, leso kaikumbatia. Mama anayesalimia mpaka kuku wa watu, leo kapita nyumba zote kimya. Nikajaribu kueleza kwamba kisayansi bangili ipo, haijapotea, imehama tu. Hakugeuka. Nilijisikia hasira ya kulia, na hakukuwa na wa kumpiga ila mimi.

Nyumbani kuna watu wa harusi kila kona. Baba na wajomba wako uani na mitungi ya pombe ya ndizi. Devota alikuwa ndani, amekaa kwenye mkeka, anapakwa rangi kucha. Mama akamfungulia leso mbele yake. Devota akautazama ule msumari wenye manyoya. Akanitazama mimi na taji langu. Nilitaka alie, au anirushie kiatu. Hakufanya hata kimoja. Aliuliza tu, polepole:

"Na mikato?"

Mama akatoa kile kipande kifupi, akamwekea kiganjani. Devota akaigusa mikato kwa kidole ambacho rangi haijakauka, mmoja, mwingine, mwingine. Rangi ikabaki kwenye shaba. Akafunga mkono.

Ndipo nikaja huku nyuma ya jiko. Nimemwomba Butoyi asimwambie mtu. Amenijibu kwamba jirani yake aliyeko Kasulo ameshampigia simu kumuuliza. (Kasulo tena!) Kwa hiyo nawaandikia mimi mwenyewe, mpate kisa kutoka kwa mwenyewe. Cheka ukitaka, ila chekea kwenu, na kesho ukija harusini usiniletee uso wako.

Muda si mrefu uliopita mama ametoka kuchukua kuni. Akanikuta na simu. Nikasimama. Nikasema, mama, nisamehe, nilitaka ipendeze. Akaniambia taji nilivue maana linadondosha karatasi kwenye maharage. Nikalivua. Akabeba kuni zake, akafika mlangoni, akasimama bila kugeuka, akasema hivi, sijapunguza wala kuongeza:

"Devota atatoka na huo msumari, nimeshautafutia uzi wa kuufunga mkononi. Na mjomba wako hatasema kitu. Wewe ndiye utakayesimama mlangoni Kibimba uwaeleze wakwe ilitoka kwa nani ikaenda kwa nani mpaka ikafika kwenye msumari, na utawaeleza kwa Kiingereza kile kile."